Tochi Ndogo Tuliyoshuka Nayo Chini ya Kivuko

Kabla sijaandika neno moja kuhusu tochi, ni lazima nitenge niliyoyaona na niliyoyasikia, kwa sababu ninyi vijana mnaozamia dhahabu katika mto Lualaba mmekwisha kupakuliwa yote mawili katika sahani moja.

Niliyoyasikia ni haya. Kwamba katika miaka ya vita mzamiaji mwenzangu, Shabani, alikamatwa chini ya kivuko cha Kindu na mamba-muntu, yule mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki. Kwamba mimi nilimfuata nikiwa na taa iliyosomewa dua, na mamba-muntu alipouona mwanga wake akajifunika macho. Kutoka hapo hadithi inagawanyika. Kwetu, upande wa Kasuku, wanasema Shabani alirudi juu. Ng'ambo, Alunguli, wapo wanaosema kwamba aliyerudi juu si yeye.

Niliyoyaona ni machache zaidi. Niliona maji ya rangi ya chai ya maziwa. Niliona kamba ya chuma iliyojisokota. Niliona tochi mbili za akiba, moja ya kujivunia na moja ya kuchekwa, na niliona kila moja ilifanya nini taa kubwa ilipozimika. Nilikuwa mzamiaji wa karakana ya bandari mpaka nilipostaafu, nami nilisoma ufundi shuleni kabla sijavaa miwani ya maji. Shule ilinifundisha kuuliza swali moja ambalo nitawasumbua nalo humu mpaka mwisho: nani aliona?

Juzi alikuja nyumbani kwangu kijana mmoja, Hamisi, anayefanya kazi kwenye mashine za kunyonya mchanga karibu na Lokandu. Ninyi wa mashine hizo hamtumii mtungi wa hewa kama tulivyotumia sisi. Mnashuka na mpira mrefu unaoleta hewa kutoka kwenye chelezo, na taa mmejifunga kwenye paji la uso. Hamisi alitaka ushauri kuhusu taa ya pili. Alikuwa ameshainunua. Ndivyo mlivyo: mnanunua kwanza, ushauri baadaye. Aliitoa kwenye mfuko, ndefu kama mkono wa mtoto, inang'aa kama sufuria ya harusi.

"Papa, hii torche njo ya mwisho kabisa," akasema. "Iko inaangaza mpaka Alunguli."

"Uliona?"

"Walisema, Papa."

"Nani walisema?"

"Watu ya soko."

"Hao watu ya soko, kuna mumoja alizama nayo?"

Akacheka. "Papa naye! Muuza-torche atazama kufanya nini? Yeye anauza."

Nikamwambia aishike kwa mkono mmoja, afumbe macho, aiwashe. Akaibonyeza kioo, akaibonyeza mkia, akaigeuza, akaiangusha juu ya mguu wake. Mke wangu, aliyekuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani, aliacha mchi ili apate kucheka vizuri.

Sasa sikilizeni. Tochi ya akiba si ya kufanyia kazi. Kwa kufanyia kazi mnayo taa kubwa. Tochi ya akiba ina kazi moja tu: kuifunga kazi na kukutoa majini. Taa kubwa ikizimika, huendelei kidogo kwa hii ndogo, humalizi ule mfuko mmoja wa mchanga uliobaki. Unaiwasha na unatoka. Mtu akishaelewa hivyo, hataulizia tena tochi inayofika Alunguli. Ataulizia tochi itakayofika kwenye kamba yake.

Ndiyo maana iwe ndogo. Si kwa urembo, bali kwa sababu ninazijua tabia za watu: kikubwa kinachosumbua mwilini huachwa kwenye chelezo. Nimewaona wazamiaji wakishuka bila tochi zao nzuri, tochi zikiwangoja juu, kavu, salama kabisa. Ile ambayo haizidi kigunzi cha muhindi utaifunga begani na utaisahau, na kwa kuwa umeisahau utakuwa nayo.

Mwanga wake uwe mwembamba. Hapa watu wengi wanapotea. Mnadhani mwanga mpana ni bora kwa sababu nyumbani, ukiwasha, ukuta mzima unang'aa. Lualaba si ukuta. Maji yetu yamejaa chembe za udongo, na kila chembe inakurudishia mwanga usoni, kama taa za gari katika ukungu wa asubuhi. Mwanga mpana utakuonyesha udongo mtupu, mweupe, pande zote. Mwembamba unapenya kati ya chembe, na ijapokuwa utakuonyesha kitu kidogo kama sahani, utakuonyesha.

Mwalimu wangu katika mambo haya alikuwa Mzee Radjabu, mkubwa wa wazamiaji wa bandari. Alikuwa mtu wa msikiti, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza, na hakuwahi kumsifu mtu mbele ya mtu huyo. Mtihani wake wa tochi ulikuwa wakati wa kula. Tukiwa tumeshaketi kuzunguka sinia la wali, anakuwekea tochi kwenye mkono usiokula, anasema, "Washa." Ukiacha wali ili usaidie kwa mkono wa pili, umeshindwa, na wenzako wanaendelea kula.

"Torche ya mikono mbili," alikuwa akisema, "njo ya kwenda nayo chooni. Chini ya maji, mukono moja iko na kazi ingine. Iko inashika maisha yako."

Yeye ndiye aliyenifundisha kupenda tochi ya kuwashwa kwa kuzungusha kichwa. Ya kubonyeza hubonyezwa na chochote mfukoni, ukafika mtoni imeshajimaliza yenyewe. Ya kuzungusha ina hila moja tu ya kujua: kuifunga ndiko kuiwasha. Ukizungusha kuelekea kufungua unaizima, na ukizidisha unayakaribisha maji ndani. Zoezeni kidole mpaka kijue upande bila kukuuliza. Siku hizi kuna na zile za kitelezi chenye sumaku. Ni nzuri kwa watu wa maji safi. Kwenu ninyi wa dhahabu, hapana, na hili nimelishuhudia kwa macho yangu: ule mchanga mweusi unaokaa pamoja na dhahabu hupenda sumaku. Niliona kijana wa Lokandu amepandisha tochi ya namna hiyo imeota ndevu nyeusi kwenye kitelezi chake. Haikwenda mbele wala nyuma. Wenzake waliiita shehe.

Nirudi kwenye vita, maana hapo ndipo somo la betri lilipotolewa.

Katika miaka ile mto ulifungwa kwa biashara na treni haikufika. Vitu vilivyotoka mbali viliisha kimoja kimoja. Chumvi mnakumbushwa na mama zenu. Mimi nitawakumbusha betri, hizi mnazoziita pile. Kindu nzima ilikuwa inaanika betri. Ungepita asubuhi ukaona juu ya kila bati, kando ya mihogo, betri zimepangwa zikiota jua. Wengine walizichemsha. Wengine walizitoboa kwa msumari na kuzinywesha maji ya chumvi, wale waliokuwa bado na chumvi. Na kwa kweli zilifufuka! Redio ilisema, tochi iliwaka. Sikatai nilichokiona. Lakini betri iliyoanikwa ni kama mgonjwa aliyeinuka kumpokea mgeni: anasalimia vizuri sana, kisha analala tena. Kwa redio si neno. Unakosa mwisho wa habari, unamuuliza jirani.

Sasa kivuko. Wakati huo ndicho kilichounganisha Kasuku na Alunguli kwa mizigo mizito. Siku moja asubuhi, kilipokuwa kinaegesha upande wetu, kamba ya chuma ya kufungia ililegea, ikanyonywa na rafadha, lile panga la nyuma linalosukuma maji, ikajisokota humo mara nyingi. Kivuko kikafa palepale penye gati. Ng'ambo mama wa Alunguli walisimama na mihogo na mchele. Upande wetu soko lilisimama likiwangoja. Mitumbwi ilikuwapo, lakini michache, na mto ulikuwa umejaa.

Mzee Radjabu akatuita wawili, mimi na Shabani. Karakana ilikuwa na mafuta ya kuendesha kompresa ya kujazia mitungi yetu mara hiyo tu. Kazi ilikuwa kushuka na msumeno wa chuma, kukata nyuzi za kamba, na kutoka. Taa ya kazi ilikuwa kubwa, ya waya, umeme wake ukitoka kwenye betri ya lori iliyowekwa juu ya sitaha. Na kila mmoja awe na tochi yake ya akiba.

Inafaa mumjue Shabani. Alikuwa mnene, mwenye nguvu, mcheshi, na aliamini kila alichoambiwa kwa sauti ya uhakika. Tochi yake aliinunua kwa mwanajeshi aliyemhakikishia kwamba ilitoka kwenye manowari. Ilikuwa kubwa, nzito, ya kubonyeza. Yangu niligawiwa na Mzee Radjabu: ndogo, nyeusi, ya kuzungusha, na betri zake zilikuwa mpya, zilizofichwa na mzee ndani ya kopo la maziwa tangu kabla ya vita. Alikuwa nazo chache mno, na ungemwomba afadhali jino lake.

Juu ya sitaha mzee akaifungua tochi ya Shabani ili aikague. Ule mpira wa mviringo unaozuia maji ulikuwa mwekundu.

"Shabani. Hii nini?"

"Mawese, Muzee. Nilipakaa, iteleze."

"Mpira, unapakaa mawese?"

"Muzee, mie mama alinikomalisha na mawese, angalia mwili. Itashinda mpira?"

Tulicheka, na mzee alicheka kwa pua. Lakini mawese, vijana, si mafuta ya mpira huo. Humo unavimba, unakuwa laini, unakaa vibaya kwenye mfereji wake. Mpira wa tochi hupakwa mafuta ya silikoni, kiasi cha kuufanya ung'ae tu, na kama huna, uoshe kwa maji safi, uufute, uuache mkavu. Nimewahi kuona watu wazima wenye akili timamu wakipaka mafuta ya ngozi, siagi, hata mafuta ya kukaangia samaki, kwa sababu jirani alisema.

Mzee akaufuta mpira, ukarudi mahali pake kwa shida. Akauliza habari za betri.

"Ziko za moto," Shabani akajibu. "Zililala juu ya bati wiki muzima."

"Ya jua?"

"Muzee, washa uone!"

Mzee akawasha. Iling'aa kuliko yangu. Mbele ya watu wote waliosimama gatini iling'aa kuliko yangu, na Shabani akanigeukia akainama kama mtu anayepokea nishani. "Yaya," akaniambia, kama anavyoitwa kaka mkubwa, "hiyo kigunzi yako utaniazima nitafute nayo sindano."

Mzee Radjabu hakuwa na betri nyingine za kumpa za ukubwa ule. Za kopo lake zilikuwa ndogo. Alimrudishia Shabani tochi yake. Kisha akamwambia, "Shuka, lakini usiachane na huyu."

Tukashuka. Chini ya kivuko mchana hauingii. Ukitoka ukingoni na kuingia chini ya bati la kitako chake, unaupoteza mto, unalipoteza jua, unabaki na kelele za maji na pumzi yako. Taa ya waya ilitupa duara dogo la kahawia, na humo tukaona kazi: nyuzi za chuma zilizokatika zimesimama pande zote kama miiba ya nungu. Nilishika taa, Shabani akakata. Alikuwa fundi wa msumeno, nikiri hivyo. Nyuzi zililegea moja baada ya nyingine. Kisha sehemu kubwa ya kamba ikafyatuka kwa ghafla, ikatupiga, ikashuka na waya wa taa.

Giza.

Nikaona karibu yangu mwanga wa Shabani unawaka. Ulianza mweupe. Ukawa wa manjano, ukawa mwekundu kama kaa la mkaa, ukaonyesha vidole vyake tu, ukaisha. Kama ilikuwa jua la kwenye bati au maji yaliyopenya kwenye mpira wa mawese, sijui, na atakayewaambia kwamba anajua, muulizeni alikuwa wapi.

Nikazungusha kichwa cha yangu kwa kidole. Ikawaka. Nikaielekeza pale alipokuwa. Hakuwapo.

Mtu aliye gizani chini ya chuma hatulii. Anakwenda upande anaoudhani ni wa kutokea. Kamba yake ya usalama, ile ambayo Mzee Radjabu aliishika kule juu, ilikuwa imesokotana na ile ya chuma. Mzee akivuta, anavuta kivuko kizima. Basi ilinibidi nimtafute mimi. Nilimulika kushoto, udongo. Nilimulika mbele, udongo. Nikamulika juu, kwenye bati la kitako, na hapo ule mwanga mwembamba ukagusa kitu kinachong'aa: viputo vya hewa, vimelala chini ya bati, vinatambaa kama shanga. Kwa mwanga mpana nisingaliviona. Nikafuata vilikotoka. Vilitoka ndani zaidi, upande wa katikati ya kivuko, mbali na njia ya kutokea.

Niliugusa kwanza mguu wake, nao ukanipiga kifuani. Nilifurahi sana kupigwa teke. Nikapanda na mwili wake mpaka mgongoni, nikamulika: mkanda wa mtungi wake ulikuwa umechomwa na uzi wa chuma uliovunjika, umeingia na kujikunja kama ndoana. Kila alipovuta kwenda mbele, uliuma zaidi. Naye alikuwa anavuta kwa nguvu zake zote, na nimekwisha kuwaambia alikuwa na nguvu.

Hapo sikilizeni, kwa maana ndiyo sababu ya mimi kuandika. Nilihitaji mkono mmoja kumtuliza na mmoja kushika kisu. Wa tatu wa kushika tochi sikuwa nao. Tochi yangu ilikuwa imebanwa begani kwa vipande viwili vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, kichwa kikitazama mbele, na popote kifua changu kilipoelekea, mwanga ulielekea. Nilikata mkanda wake nikiuona. Kama tochi ingekuwa mfukoni, au inaning'inia kwenye uzi mrefu ikicheza huku na huku, ningekata kwa kupapasa. Na karibu na mkanda huo, kijana, upo mpira anaopumulia mtu.

Nikamgeuza. Nikamwonyesha mwanga machoni, aone kuwa yupo mtu. Akanishika mkono, akaubana hivi kwamba alama zilikaa. Tukafuata bati, tukaiona rangi ya kahawia ikifunguka kuwa ya manjano, tukatoka kwenye jua.

Ilichukua muda gani? Wapo wanaosema nusu saa. Wapo wanaosema mpaka adhana. Sikuwa na saa.

Hayo ndiyo yaliyonifanya mkali, nami sitaomba radhi kwa ukali huo. Mkienda kununua, msisome sanduku. Sanduku nalo ni "walisema". Kilichoandikwa kwamba tochi inashuka mita mia, aliyekiandika hakushuka nayo. Fanyeni hivi: toeni betri, mkunje kipande cha gazeti mkiweke ndani badala yake, fungeni tochi, muifunge pamoja na jiwe kwenye kamba, mshushe mtoni mpaka kina chenu cha kazi. Kaeni, kunyweni chai. Kisha pandisheni, mfute, mfungue. Gazeti likiwa kavu, mna tochi. Likiwa limelowa, mna habari. Na betri ziwe mpya, za kutumika na kutupwa. Za kuchajiwa hujipunguza zenyewe zikiwa zimekaa tu, na tochi ya akiba kazi yake kubwa ni kukaa. Hamisi alifanya jaribio hilo na ile sufuria yake ya harusi. Alinirudishia gazeti limekuwa uji. Alikuwa anacheka, lakini alikwenda kutafuta nyingine, ndogo, na alikuja kunionyesha akiiwasha kwa mkono mmoja huku mwingine unakula. Hilo nililiona.

Turudi juu ya sitaha. Mzee Radjabu alitupokea, kisha, alipohakikisha wote wawili tunapumua, akapata sauti yake.

"Mulikuwa munakunywa chai kule?"

Shabani alikohoa maji, akatema, akasema, "Muzee, mawese ilikataa."

Gati zima likapiga vigelegele. Mama mmoja akapaza sauti kwamba aliona mkia. Mkia gani, sikuuliza, kwa sababu Shabani alikuwa ameshamjibu, akiwa bado amelala chali: "Mama, na nywele! Nywele ya shaba, mpaka kiunoni!" Basi sasa mnajua mamba-muntu alizaliwa wapi na baba yake ni nani.

Wanasema alasiri ile kivuko kilivuka, na mama wa Alunguli walishuka na mihogo yao wakiimba. Yawezekana. Nilikuwa nimelala juu ya marundo ya kamba, sikuona. Ninachoweza kukisimamia ni cha kabla sijafumba macho. Shabani alikuwa ameketi juani, taulo mabegani, ameifungua ile tochi ndogo kutoka begani kwangu bila kuomba. Alikuwa amekwisha kuacha utani. Ameishika kwa mikono miwili, inawaka, mchana kweupe, anautazama mwanga wake kwenye kiganja. Mzee Radjabu alikuwa amesimama karibu, akaiona inavyokula betri za kopo lake. Hakumwambia aizime.